Bima Iliyopanda ni Ipi? Tuisome Slipu ya Mshahara Mstari kwa Mstari

Kila mwisho wa mwezi simu yangu hujaa picha. Binamu, jirani wa zamani, mtu tuliyesoma naye shule ya msingi, kila mmoja amepiga picha slipu yake ya mshahara na kuuzungushia mstari wa SHIF, yaani makato ya bima ya afya ya serikali, duara jekundu. Nimefanya kazi ya hesabu za mishahara kwa miaka mingi hapa Kenya, kwa hiyo swali huletwa kwangu: "Mbona bima ya afya inatumaliza?"

Siku moja mlinzi wa usiku mtaani kwetu, anayelipwa shilingi 20,000, alinisimamisha langoni na swali hilo hilo. Nilipoitazama slipu yake nilimwambia jambo ambalo hakulikubali mpaka nilipomwandikia kwenye karatasi. Zamani, wakati wa NHIF, bima ya serikali iliyoitangulia SHIF, mtu wa mshahara wake alikatwa shilingi 750. Sasa anakatwa 550. Makato yake ya bima ya afya yameshuka kwa shilingi 200.

Hata hivyo hakuwa anasema uongo. Pesa anayobeba nyumbani imepungua kweli, na bintiye alipolazwa aliambiwa alipe kwa mkono wake. Uchungu wake ni wa haki, ila ameuelekeza kwenye mstari usio wake. Naona watu wengi wamo katika hali hiyo, kwa sababu tunaposema "bima imepanda" tunataja kwa jina moja vitu ambavyo havifanani.

Kwanza kuna bima ya lazima ya serikali. Inasimamiwa na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mfuko ambao mshahara wako unauchangia unaitwa SHIF. Hiyo haina hiari. Pili kuna bima ya kazini, ambayo mwajiri huinunua kwa kampuni binafsi ili wewe na familia yako mtibiwe, na hii si kila mwajiri anaitoa. Ya tatu ni ile unayojinunulia mwenyewe, na wafanyakazi wachache sana wa kawaida wanayo, kwa hiyo nitaiacha.

Kuna maneno matatu mengine tutakayoyahitaji. Mchango ni pesa unayotoa, uugue usiugue. Kikomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho bima italipa kwa mwaka au kwa ugonjwa fulani. Ukikivuka, unalipa mwenyewe. Na malipo ya kaunta ni ile pesa ndogo ambayo baadhi ya bima hutaka uitoe kila unapokwenda kutibiwa, hata kama kadi yako iko sawa. Kumbuka hilo la mwisho, maana ndimo bima za kazini zinamojificha zinapopanda.

Chama cha kufa na kuzikana

Njia rahisi ya kuielewa bima ni kukumbuka kikundi cha kufa na kuzikana kijijini. Watu mia wanachanga shilingi mia mbili kila mwezi. Mwezi huu amefiwa mzee wa nyumba ya mwisho, kikundi kinanunua jeneza, kinakodi gari, kinawalisha waombolezaji. Wewe hukufiwa. Hakuna anayesimama kwenye mkutano kudai arudishiwe mia mbili zake kwa kuwa kwake hakuna msiba. Hata angedai, tungemshangaa.

Bima ya afya ni kikundi hicho hicho, kikubwa zaidi, na watu wasiojuana. Ndiyo maana ile kauli ya "sijaugua mwaka mzima, pesa yangu imeliwa bure" inaelekezwa mahali pasipo pake. Pesa uliyokuwa ukiiweka ikusubiri ni ya NSSF, ule mfuko wa uzeeni, au ya sacco. Hiyo ni akiba, na akiba ina jina lako. Mchango wa bima hauna jina la mtu. Umekwisha kwenda kwa mgonjwa wa leo, na wako utatoka kwa wazima wa siku hiyo utakapougua.

Tukitia hesabu ndani ya mfano huu, sababu ya bima kuwa ghali inaanza kuonekana. Chukua mtu ambaye figo zake zimekufa, anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. SHA ilipoanza, ilitangaza kulipa shilingi 10,650 kwa kila kipindi cha kusafishwa damu. NHIF ilikuwa ikilipa 9,500. Vipindi viwili kwa wiki, wiki 52, ni shilingi 1,107,600 kwa mwaka. Huyo ni mgonjwa mmoja, na bado hatujahesabu dawa za presha, vipimo, wala nauli yake.

Sasa mtafute mfanyakazi wa mshahara wa 40,000. Anachangia 1,100 kwa mwezi, 13,200 kwa mwaka. Ili mgonjwa yule mmoja aendelee kuishi, wanahitajika wafanyakazi 84 wa namna hiyo, na wote 84 wasiugue kitu hata kimoja mwaka mzima, wala mke wa mmoja wao asijifungue.

Mimi hesabu hii huniuma kila ninapoirudia, kwa kuwa nimekaa kwenye benchi la wodi ya figo nikimsubiri shangazi yangu. Pale nilielewa kuwa swali la "bima ni pesa ngapi" haliwezi kujibiwa kabla ya kujua tunawabeba wagonjwa wangapi, na tunawabeba tukiwa wangapi.

Kutoka ngazi za NHIF hadi asilimia ile ile kwa wote

NHIF ilianzishwa mwaka 1966. Kabla ya mwaka 2015, mfanyakazi mwenye mshahara mkubwa kuliko wote alikatwa shilingi 320 tu kwa mwezi. Aprili 2015 viwango vikapandishwa, vikapangwa kama ngazi: wa chini kabisa akakatwa 150, anayelipwa kati ya 20,000 na 24,999 akakatwa 750, anayelipwa kati ya 50,000 na 59,999 akakatwa 1,200, na kuanzia 100,000 kwenda juu ikawa 1,700. Ngazi ikaishia hapo. Meneja wa 100,000 na mkurugenzi wa 1,000,000 walikatwa sawasawa.

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya bima ya afya ya jamii. Mambo yakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 makato mapya yakaanza. Badala ya ngazi, sasa ni asilimia ile ile kwa kila aliyeajiriwa: 2.75 ya mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya kitu chochote kukatwa, marupurupu yakiwemo. Kiwango cha chini ni shilingi 300. Juu hakuna kikomo.

Weka viwango viwili hivi sambamba uone kilichotokea. Wa 15,000 alikuwa akitoa 600, sasa anatoa 412. Wa 25,000 ametoka 850 hadi 687. Wa 30,000 ametoka 900 hadi 825. Baada ya hapo, kwenye 33,000 hivi, mambo yanageuka. Wa 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750. Wa 200,000 ametoka 1,700 hadi 5,500, na wa nusu milioni sasa anakatwa 13,750. Kuna pia kundi ambalo husahaulika, la wanaolipwa chini ya 6,000. Wao walikuwa wakikatwa 150 na sasa wanakatwa 300, mara mbili. Hawa ni vibarua wa siku chache na wasaidizi wa nyumbani wanaolipwa kidogo mno, na sioni hoja yoyote ya kuwapandishia wao huku wa juu yao kidogo wakipunguziwa.

Kwa hiyo kauli kwamba bima ya serikali imempandia kila mfanyakazi si kweli. Imewapandia wenye mishahara ya kati na ya juu, ikawapandia na maskini kabisa, na ikawapunguzia wengi walio katikati ya makundi hayo.

Kodi, ambako wengi hawatazami

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wahasibu hawajawaeleza watu wao. Wakati wa NHIF, serikali ilikupunguzia kodi ya PAYE, ile inayokatwa kwenye mshahara, kwa asilimia 15 ya kile ulichochangia. Ukichangia 1,700, kodi yako inapungua kwa 255. Nafuu hiyo ya zamani imeondoka. Badala yake, mabadiliko ya sheria za kodi yaliyoanza Desemba 2024 yanataka mchango wa SHIF utolewe kwanza, ndipo kodi ihesabiwe juu ya kilichobaki.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Chukua mshahara wa 100,000, ambao sehemu yake ya juu inatozwa kodi ya asilimia 30. Anakatwa SHIF 2,750. Hiyo 2,750 haitozwi kodi tena, na asilimia 30 yake ni 825. Kwa hiyo bima imemgharimu 1,925. Chini ya NHIF, ukitoa ile nafuu, ilimgharimu 1,445. Ongezeko lake halisi ni 480, si 1,050 kama slipu inavyomwonyesha.

Shuka sasa kwa wa 40,000. SHIF yake ni 1,100, kodi inapungua kwa 330, kwa hiyo anabeba 770. Zamani NHIF yake ilikuwa 1,000, ukitoa 150 anabeba 850. Huyu slipu inamwambia bima imepanda kwa mia, kumbe mfukoni imeshuka kwa 80. Hesabu hii inageuka mahali fulani karibu na mshahara wa 53,000.

Mlinzi wetu wa 20,000 hafaidiki na lolote katika haya, kwa kuwa mshahara wake haufikii kutozwa PAYE. Anabeba 550 zake zote.

Basi nini kimemla? Soma mistari iliyo juu na chini ya SHIF. Kabla ya Februari 2023, NSSF ilikuwa shilingi 200. Mwaka 2025 mtu wa 20,000 alikatwa 1,200. Kisha kuna ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ambao kabla ya 2023 haukuwepo kabisa. Kwake ni 300. Kwa jumla, makato yake matatu yalikuwa 950 na yakafika 2,050. Ya bima ndiyo pekee yaliyoshuka. Kwa wa 100,000, NSSF ilifika 4,320, ushuru wa nyumba 1,500, na SHIF 2,750. Ongezeko zima mwaka huo lilikuwa 6,670 kwa mwezi, na bima ilichangia 1,050 tu ndani yake.

Simtetei mtu kwa kusema haya. Shilingi iliyotoka mfukoni imetoka. Lakini ukienda kwa chama chako cha wafanyakazi kulalamika, ni vyema ujue unalalamikia mstari upi.

Mwajiri yuko wapi?

Hapa ndipo mimi binafsi naona kasoro kubwa. NSSF unachangia na mwajiri wako anaongeza kiasi kile kile. Ushuru wa nyumba, vivyo hivyo: wewe 1.5, yeye 1.5. SHIF unachangia peke yako. Watu wengi nimewasikia wakisema kwa uhakika kwamba "mwajiri naye anatoa nusu". Hatoi. Kazi yake ni kukukata na kuiwasilisha pesa, basi.

Vuka mpaka uingie Tanzania. Huko mtumishi aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake inatoka kwake na nusu kwa mwajiri. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 500,000 za Tanzania anatoa 15,000, mwajiri anatoa 15,000 nyingine. Jumla yao ni kubwa kuliko yetu, lakini mzigo unabebwa na mabega mawili.

Wapo wanaojibu kwamba mwajiri akilazimishwa atapunguza nyongeza ya mshahara, kwa hiyo mfanyakazi ndiye atakayelipa mwishowe. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini mwajiri anayechangia huwa na sababu ya kuuliza pesa imefanya nini. Akiona wafanyakazi wake wanarudishwa kutoka hospitalini wakati yeye analipa, atapiga simu, na simu yake husikika kuliko ya mlinzi wa usiku. Hilo pekee lingetosha kunifanya niunge mkono mchango wa pande mbili.

Ukichangia zaidi, hutibiwi zaidi

Wenye mishahara mikubwa hunijia na lalamiko la namna nyingine. "Nakatwa 8,000 kwa mwezi, lakini mke wangu akijifungua nalipiwa sawa na anayekatwa 300?" Ndiyo. Viwango vilivyotangazwa SHA ilipoanza ni 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, uwe nani. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa: mwenye nacho anachangia kulingana na alicho nacho, na mgonjwa anatibiwa kulingana na ugonjwa wake. Unaweza kuupinga mpango huo, lakini usiudhanie kuwa ni hitilafu ya kompyuta.

Mume na mke ambao wote wameajiriwa hukatwa wote wawili. Hakuna wa kumbeba mwenzake. Na kutibiwa kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali kunalipiwa na mfuko mwingine, wa afya ya msingi, unaotoka kwenye bajeti ya serikali. Huko unahitaji kuwa umejisajili SHA tu. SHIF yako inaanza kazi pale unapopanda ngazi: kulazwa, upasuaji, kujifungua hospitalini, kusafishwa damu, matibabu ya saratani. Nje ya hapo kuna mfuko wa tatu, wa dharura na magonjwa sugu, unaotarajiwa kukupokea pale SHIF inapofikia kikomo. Mifuko mitatu, usajili mmoja. Nimeona watu waliosajiliwa bila kuchangia wakidhani wana bima kamili kwa sababu walipata dawa za malaria bure kituoni, mpaka siku ya upasuaji.

Bima ya kazini hupanda kimyakimya

Sasa tuje kwa wale wenye bima ya kampuni binafsi, ambako kupanda kwa gharama ni kwa kweli na hakuonekani kwenye slipu.

Tuseme kampuni yenu ina wafanyakazi hamsini na mwajiri amelipa shilingi milioni 5 kwa bima ya mwaka. Mwaka huo mmoja wenu amegunduliwa ana saratani, mwingine amepata mtoto njiti aliyekaa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi wiki tatu, na waliobaki mmeugua mafua na meno kama kawaida. Hospitali zimedai milioni 4.6. Yaani katika kila shilingi 100 iliyoingia, 92 zimekwenda hospitalini. Zilizobaki 8 zinapaswa kumlipa wakala aliyeuza bima, wafanyakazi wa kampuni ya bima, kodi za ofisi, na faida. Hazitoshi. Mwaka unaofuata mwajiri analetewa bei mpya, na haitakuwa milioni 5.

Angalia kundi lilivyo dogo. Katika kikundi cha kufa na kuzikana cha watu kumi, misiba miwili ndani ya mwezi mmoja inawamaliza. Katika kikundi cha watu elfu kumi, haitikisi kitu. Ndiyo maana kampuni ndogo hupandishiwa bima kwa kishindo baada ya mwaka mmoja mbaya, huku kampuni kubwa ikipandishiwa taratibu.

Kwa nini hospitali zinadai zaidi kila mwaka? Dawa nyingi, mashine na vipuri vyake vinanunuliwa ng'ambo kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Baadaye shilingi ilijikaza ikarudi kwenye 129 hivi, lakini ni nani aliyeona bei ya kipimo ikirudi chini pamoja nayo? Pili, magonjwa yamebadilika. Malaria unaitibu wiki moja, inaisha. Kisukari na presha unazitibu hadi kufa, na zinawashika watu wakiwa bado kazini. Tatu, hospitali binafsi hulipwa kwa kila kitu inachofanya, kila kipimo kina bei yake, kwa hiyo mwenye kadi nzuri akiingia na kikohozi anaweza kutoka amepimwa kila kiungo. Mgonjwa hajali kwa kuwa "ni bima inalipa". Bima inalipa kweli, kisha inamtumia mwajiri bei mpya.

Halafu kuna wizi, na lazima tuuseme. Kadi ya bima inamtibu jirani. Hospitali inadai usiku tano kwa mgonjwa aliyelala mbili. Kwa upande wa SHA, Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza mwaka 2025 kusimamishwa kwa hospitali kadhaa kwa madai ya namna hiyo. Nimewahi kumsikia mtu akisimulia kwa fahari jinsi alivyomtibia shemeji yake kwa kadi ya kazini. Aliyelipia ile fahari ni wenzake wa ofisini, mwaka uliofuata.

Mwajiri akipata bei mpya asiyoiweza, mara nyingi hakukati zaidi. Anapunguza bima yenyewe. Kikomo cha matibabu ya kutwa kinashuka kutoka 100,000 hadi 60,000. Wazazi wako wanaondolewa. Hospitali uliyoizoea inatolewa kwenye orodha. Na yanaingia yale malipo ya kaunta, shilingi 500 au 1,000 kila unapokwenda. Slipu yako haijabadilika hata senti, lakini umepandishiwa bima. Kila bima inapohuishwa, waombe watu wa HR karatasi ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, uzilaze pamoja mezani, usome vikomo tu. Dakika kumi zinatosha.

Je, mwenye bima ya kazini anaweza kujitoa SHA? Hawezi, ni sheria. Zaidi ya hayo, bima hizi mbili zimefungwa pamoja. Ukilazwa, kwa kawaida hospitali hutoa kwanza sehemu inayolipwa na SHA, na kampuni binafsi hulipa iliyobaki. Bei ya bima ya kazini ilipangwa kwa kutegemea hilo. SHA ikichelewesha malipo na hospitali ikakataa wagonjwa wake, kama hospitali nyingi binafsi zilivyofanya mapema 2025 zikidai madeni yao, yakiwemo ya enzi za NHIF, mzigo wote unaiangukia bima ya kazini. Mfuko wa serikali ukiyumba, bei ya ule binafsi inapanda. Mfanyakazi yumo katika yote mawili.

Siku unapopoteza kazi

Hili linanitisha kuliko mengine. Ukiwa kazini unakatwa kila mwezi kidogo kidogo. Siku unapoachishwa, hukatwi tena, na bima yako haiendelei kwa hisani. Unaingia kwenye kundi la mama mboga na mwendesha boda. Utaulizwa maswali kuhusu nyumba yako, paa ni la nini, maji unayatoa wapi, mnapikia nini, kisha mfumo unakadiria kipato chako na kukuambia mchango wako. Na unatakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mara moja, kwa uchache 3,600. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomkopesha mtu mchango huo ili aulipe kidogo kidogo. Umesaidia, lakini bado ni deni kwa mtu asiye na kazi. Ukipewa barua ya kuachishwa, kabla ya kugawa zile pesa za mwisho kwa kodi na karo, toa kwanza mchango huo wa mwaka.

Nirudi kwa mlinzi wetu, maana sijaeleza kwa nini bintiye alilipishwa. Mtoto alishikwa na homa ya mapafu akalazwa usiku tatu. Kaunta wakaingiza nambari ya kitambulisho cha baba, wakamwambia: hujachangia. Akatoa slipu. 550 zimekatwa, mwezi huu na miezi minne nyuma. Wakamwonyesha kompyuta. Hakuna kitu.

Sheria inamtaka mwajiri awasilishe makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilikuwa ikikata na kukaa nayo. Yeye hakujua, kwa kuwa slipu humwonyesha mtu kilichotoka tu, haimwonyeshi kilikofika. Tulibonyeza *147# pamoja, pale langoni saa tatu usiku, tukaona kilichowasilishwa kwa jina lake. Kesho yake aliichukua slipu na ile simu akaenda ofisini kwao. Pesa zilipelekwa baada ya siku kumi na moja. Bili ya hospitali alikuwa ameshailipa, kwa pesa alizokopa kwa dada yake, na mpaka sasa hajamaliza kumrudishia.